Nilipewa zawadi ya mtunza mazingira bora huku miti yangu ikikausha chemchemi ya mama

Wakuu, mwakeye!

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya kwetu Buha. Kama unasoma jioni, pokea hivyo hivyo, usilete ubishi.

Naweka hapa jambo langu mwenyewe, lilianza 2012 na limeisha mwaka huu 2015. Chumvi sitaongeza. Na zile sehemu zinazonifedhehesha sitaziruka, maana wife anapita humu kimya kimya na nikidanganya ataniumbua kwenye comments.

Mimi ni fundi seremala, Kasulu mjini. Vitanda, milango, makabati, makochi. Hata jeneza natengeneza, ingawa hilo siombi wateja.

Nyumbani kwetu hasa ni kijijini, upande wa Kitanga. Jina la kijiji naliacha, kuna watu wazima kule wananiheshimu kidogo na nataka iendelee hivyo.

Mama anaishi pale peke yake tangu mzee alipofariki. Chini ya nyumba yake, mwendo wa kumaliza muhogo mmoja mkononi, kuna chemchemi. Maji yanatoka kwenye mwamba, wazee wakayachomekea bomba fupi la chuma. Mtaa mzima unachota hapo. Yanayobaki yanashuka bondeni, na kiangazi watu wanalima maharage na mboga humo wakati juu huko kila kitu kimekuwa rangi ya vumbi.

Sasa, shamba linaloizunguka ile chemchemi ni letu. Nilipokuwa ndiyo kwanza naanza ufundi, nikaona udongo ule una unyevu mwaka mzima, nikasema hapa hapa. Nikapanda mikaratusi. Mistari imenyooka, kamba nilivuta mwenyewe.

Wakuu, seremala akiona mti anaona mbao. Sikuwa na nia mbaya hata kidogo.

Ikakua hiyo! Nilikuwa nikienda kumsalimia mama, kabla ya kuingia ndani napitia kwanza kwenye miti, naipapasa kama ng'ombe. Hesabu yangu ilikuwa niiache mpaka ifae kupasuliwa mbao, nianze nyumba yangu na karakana ya maana.

2012 wakapita wageni fulani wa mradi, wana daftari na kofia. Wakaona "msitu" katikati ya mashamba. Huu wa nani? Wa Deo, fundi. Wakafurahi sana. Baada ya wiki chache naitwa kwenye sherehe, napewa cheti cha mtunza mazingira bora, fulana ya kijani na toroli jipya.

Lile toroli nilivyolisukuma! Halina kitu ndani, mimi nimevaa fulana juu ya shati, napita katikati ya kijiji polepole ili hata aliye shambani apate muda wa kuja kuangalia. Cheti nikakitengenezea fremu ya mninga safi nikakitundika karakanani. Mteja akija kuulizia kabati, naanza kwanza na cheti.

Kiangazi cha mwaka huo huo bomba la mama likaanza kutoa maji kwa kigugumizi.

Kwanza nikasema ni mvua. Na kweli mvua zetu zimebadilika, sibishi. Tulizoea mwezi wa kumi umefika na jembe liko begani. Siku hizi unasubiri, unasubiri, inanyesha siku mbili za kukudanganya halafu jua linarudi wiki tatu. Kiangazi kimekuwa kirefu. Kwa hiyo kila nilipoulizwa nilikuwa na jibu: tabianchi wazee, dunia nzima inalia.

Mama hana saa. Yeye ni mkatoliki wa kupigiwa mfano, vipimo vyake vyote ni vya sala. Akanieleza hivi: "Deo, zamani dumu lilikuwa linajaa kwa Salamu Maria kumi. Sasa namaliza rozari nzima, naanza litania, na dumu bado."

Nikamwambia, mama, si vizuri basi, unasali zaidi?

Hakucheka.

Ngoja nimhudumie mteja hapa, anataka kitasa.

Nimerudi.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji kuhusu maji. Nikaenda, na fulana yangu nimevaa. Watu wakaongea, wengine wakasema tuombe mvua, wengine wakasema tuombe bomba. Kisha akasimama Mama Goreth.

Mama Goreth analima bondeni, shamba lake ndilo la kwanza chini ya chemchemi. Wazazi wake walitoka Burundi zamani sana, yeye kazaliwa hapa hapa, ni Mtanzania kama mimi na wewe. Mama mmoja mfupi, sauti kubwa, mikono ya jembe.

Akasema: "Deo mwanangu, mimi sijasoma. Lakini nalima chini ya ile miti yako tangu ikiwa inanifika gotini. Wakati ule nikipiga jembe nakutana na tope. Imekuwa mirefu, nakutana na vumbi. Ile miti inakunywa kuliko wanaume wa siku ya gulio."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Na mimi nina cheti! Nina toroli!

Damu ikanipanda. Nikasimama nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani ardhi ipasuke. Nilimwambia: "Nyie mmekuja hapa na mizigo kichwani, leo ndiyo mnifundishe ardhi ya babu yangu?"

Kicheko kikakatika. Mama Goreth alivuta kitenge chake vizuri akakaa. Mama yangu mzazi, aliyekuwa upande wa akina mama, akainuka, akajifuta vumbi, akaondoka mkutanoni bila kuniangalia.

Nilimfuata nyumbani. Alinikabidhi dumu la lita ishirini na kunionyesha njia ya chemchemini kwa kidole.

Wakuu, nilikaa pale. Nikaweka dumu chini ya bomba, nikakaa kwenye jiwe. Maji yanatoka membamba kama uzi wa kushonea. Simu haina chaji. Sina cha kufanya isipokuwa kuangalia miti yangu.

Ndipo nikaanza kuona vitu. Chini ya ile mikaratusi hapakuwa na jani bichi, ni majani makavu tu yanalia ukikanyaga. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunainua mawe ya pale tunakamata kaa wadogo, tunashindana nani wake ana gando kubwa. Nikainua jiwe. Nikainua lingine. Nikainua yote. Hakuna kaa, hakuna chura, ni udongo mkavu tu.

Nikaacha dumu pale nikavuka kilima kwenda bonde la pili. Kule kuna chemchemi nyingine ndogo, ina mikuyu na mivumu ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Nikafika nikakuta inatiririka vizuri tu, wanawake wanafua na kupiga soga.

Mvua ni ile ile inayonyesha kule na kwetu. Jua ni lile lile. Nilisimama pale mpaka mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Nilirudi kwa mama nikamkuta anachambua maharage. Nikasema, mama, Mama Goreth yuko sahihi. Akasema: "Hayo usiniambie mimi. Mimi sikutukanwa."

Sasa kwa wasio Waha niwaeleze kidogo. Kijijini kwetu ukimkosea mtu mbele za watu, huendi kumnong'oneza msamaha uchochoroni. Unapeleka chungu cha pombe ya ndizi nyumbani kwake, na waliosikia tusi waitwe. Mirija inatumbukizwa chunguni, na aliyekosewa ndiye anaanza kunyonya. Akinyonya, yameisha, wote mnakunywa. Asiponyonya, unabeba chungu chako unarudi nacho, na kila uliyempita njiani anajua.

Mama alitengeneza ile pombe mwenyewe. Mimi nikaisukuma kwa toroli langu la zawadi hadi kwa Mama Goreth, polepole isimwagike, watu nyuma yangu wengi kuliko siku ya cheti.

Nikapiga goti. Nikapiga makofi ya heshima kama inavyotakiwa. Nikasema nilikosa, nilimtukana mtu aliyesema kweli, na nilitukana wazazi wake ambao hawakunikosea lolote.

Mama Goreth akachukua mrija. Akautia chunguni. Akausogeza mdomoni. Kisha akauliza: "Miti inaanguka lini?"

Nikasema Jumamosi ijayo nitakuja na watu.

Akautoa mrija. "Basi nitakunywa Jumamosi."

Mawe, yaani mama yangu! Watu walivyoguna! Maana kila mtu pale anajua pombe ya ndizi haisubiri Jumamosi. Ikikaa inachacha, na chungu kikichacha bila kunywewa ndiyo habari yako imefungwa hivyo. Ile ilikuwa Jumanne.

Nilimwangalia mama yangu. Mama akaangalia paa.

Ikabidi niondoke pale nilivyo, na suruali yangu ya kanisani, nikaazima shoka na msumeno kwa jirani, kijiji kizima nyuma yangu kinateremka chemchemini. Nikachagua mti mkubwa kuliko yote, ule niliokuwa naupapasa. Kwa kweli roho iliniuma. Nilikuwa nimeshauona ni mlango wa mbele wa nyumba yangu.

Ulipoanguka, akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa ng'ambo wakaitikia. Na Mama Goreth aliyekuwa amebebewa chungu hadi pale akanyonya mrija, akavuta kweli kweli, akafuta mdomo akasema: "Tamu. Endelea na huo mwingine."

Tukakata kwa wiki mbili, msaragambo, kila kaya inatoa mtu. Miti midogo ikawa uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye chanzo. Iliyobaki nikaezekea nyumba, siyo ile ya ndoto yangu, ndogo zaidi, lakini haivuji. Nikarudi mjini nikijiona shujaa.

Hapa ndipo penye uzembe wangu wa pili, na huu ni wa kitaaluma kabisa.

Mimi ni seremala. Mti naujua ukishakufa. Mti ulio hai, huo sina habari nao!

2013 mwanzoni narudi kumsalimia mama, nateremka chemchemini nikiwa na confidence zote, nakuta nini? Kila kisiki kimetoa machipukizi kumi, kumi na tano. Nilikata mti mmoja, nikapata familia. Ni kichaka kimoja kikubwa cha mikaratusi, kijani kinang'aa, afya tele.

Mama Goreth alikuwa pale anachota maji. Aliniona nilivyosimama mdomo wazi. Alicheka wakuu, akaweka ndoo chini akacheka, mwishowe akakaa kabisa kwenye nyasi anashika mbavu. "Fundi," anasema, "hukujua? Kweli hukujua?" Na mimi nikashindwa kujizuia, tukacheka wote wawili mpaka watu wakaja kuangalia kuna nini.

Nadhani siku ile ndiyo tulipatana kweli, zaidi hata ya siku ya chungu.

Dawa aliitoa yeye. Akasema usilete sumu hapa, watu wanakunywa. Tuweke sheria moja: kila anayekuja kuchota, kabla hajaweka ndoo chini ya bomba, anavunja machipukizi matatu. Mtu mzima, mtoto, mgeni, padri, yeyote. Kisiki kinajaribu kuota, kinavunjwa, kinajaribu, kinavunjwa, mpaka kinachoka.

Basi ikawa ndiyo desturi ya pale. Nimewahi kumwona bwana mmoja wa pikipiki aliyesimama kunawa uso tu, mama mmoja akamzuia mkono: "Vunja kwanza matatu." Bwana wa watu akavunja bila hata kuuliza. Watoto ndiyo usiseme, wao wanavunja ishirini kwa mashindano halafu wanadai walivunja hamsini.

Nafasi zilizobaki wazi tukapanda mikuyu na mivumu. Mvumu hauna makuu: unakata tawi nene, unalichomeka ardhini mvua zikianza, linashika. Matawi tulichukua kule bonde la pili. Mimi nilichimba mashimo, na safari hii sikuvuta kamba. Mama Goreth alisema mistari iliyonyooka ni ya kwenye madaftari.

Mngependa niwaambie maji yalirudi kesho yake. Hapana.

2014 ndiyo ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote. Kiangazi kikakaza, bomba likawa linadondosha tone tone. Mama akawa anavuka kilima kwenda bonde la pili na dumu kichwani, umri ule. Siku moja kwenye mteremko akateleza, goti likavimba. Hakuniambia. Niliambiwa na Mama Goreth, ambaye alikuwa anamchotea maji wiki nzima.

Hapo sasa nikapata stress za kweli. Nilimchukua mama nikamleta kwangu mjini. Alikaa siku nne. Siku ya nne kamwambia wife, "Hapa mnanunua hata mchicha," akafunga mzigo wake.

Tukazozana stendi kabisa. Nikamwambia mama, kule hakuna maji, utaanguka tena na hakuna wa kukuokota. Akasema: "Baba yako nimemzika pale. Nyumba ile tuliijenga wawili, udongo nilikanyaga kwa miguu hii. Unataka nikae hapa niangalie barabara?"

Mwisho tukaelewana hivi: nampa kiangazi kimoja tu. Mwezi wa nane 2015 ukifika na bomba halijarudi, anahamia kwangu bila maneno. Akakubali. Lakini alivyokubali, sauti yake ilikuwa ya mtu anayenihurumia, na mimi nilijua nikimhamisha yule mama pale nitakuwa nimemng'oa. Na aliyesababisha ni mimi. Hakuwahi kunitamkia hilo hata mara moja, bora angenitamkia.

Mvua zilizofuata zilichelewa tena. Zilipokuja zilikuja kwa kishindo. Nilikuwa nikienda kule naangalia visiki: vingi vimeshaoza, unapiga teke vinapukutika. Nyasi zimeota, matete yameanza pembeni. Bomba... mama anasema "subiri". Mimi naogopa hata kuweka dumu.

Mwezi wa saba ukaisha.

Mwezi wa nane, siku ya kazi, niko karakanani napiga kitanda randa, wateja wawili wamekaa. Simu inaita, namba ya mama. Wakuu, mama yangu hapigi simu. Anabip. Ukiona imeita mpaka mwisho ujue kuna msiba au kuna ugonjwa.

Napokea. "Haloo mama? Mama?" Kimya. "Mama kuna nini?" Kimya, nasikia tu kelele, shaaaa, kama redio imepoteza stesheni. Nikasema mtandao. Nikatoka nje. Kelele ile ile, shaaaa. Nikapiga kelele, "Mama sikusikii!"

Kisha sauti yake kwa mbali, inamwambia mtu: "Isogeze karibu zaidi na bomba, hajasikia."

Nikaelewa.

Nililia wakuu. Mtu mzima, vumbi la mbao usoni, nimesimama nje ya karakana yangu nalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Mmoja wa wateja akatoka akaniuliza kwa upole, fundi, nani amefariki? Nikamwekea simu sikioni. Naye akasikiliza. Akasema, "Hayo si maji?" Nikasema ni maji. Akanipa mkono, akasema hongera, ingawa hakujua ni ya nini.

Jumapili ile nikaenda na familia nzima. Bomba linatoa unene wa kidole gumba cha mwanaume, katikati ya mwezi wa nane! Haijafika ile ya utotoni mwangu, nisiwadanganye, lakini dumu linajaa ukiwa bado unasalimiana. Bondeni maharage ya Mama Goreth yametambaa mpaka chini. Mwanangu akainua jiwe akapiga yowe, kaa amemkamata kidole. Sijawahi kufurahia mtoto kulia namna ile.

Mama naye ana malalamiko mapya: vyura wanapiga kelele mno, hawamwachi alale. Nikamwambia mama, tuwahamishe? Akanitupia gunzi.

Na kuhusu kuhamia mjini, mambo yamegeuka. Mwezi wa tisa mabomba ya mtaani kwangu Kasulu yalikauka wiki mbili. Mnajua nani alikwenda kuishi kwa nani? Wife na watoto walihamia kwa mama, na mimi nikawa naenda kila wikiendi na madumu matupu. Nikifika, kabla sijasalimia, mama ananiuliza: "Umevunja matatu?"

Nilichojifunza ni hiki. Kupanda mti siyo sifa mpaka ujue ni mti gani na unaupanda wapi. Mikaratusi siichukii, naifanyia kazi kila siku, ila ikae kilimani mbali na chanzo. Mvua hatuwezi kuziamuru zije lini, lakini kile kinachoyashika maji ardhini yakija, hicho kiko mikononi mwetu. Na anayelima chini ya chemchemi anaijua kuliko mwenye cheti, haijalishi babu yake alitokea wapi. Msikilize kabla hajalazimika kukukatalia mrija.

Basi wakuu, uwanja ni wenu. Wa Kibondo, wa Buhigwe, wa huko Mbeya na Lushoto mnaolima milimani, semeni na nyie: kwenye chemchemi ya kwenu kumepandwa nini, na aliyepanda ni nani?

Kama ni wewe, usione haya. Karibu ukae, tuko wawili.